Kamera za Dijitali za Mwanzo: Mwongozo wa Kuzichagua, Kuzifufua na Kuzifanyia Majaribio

Kamera za dijitali za mwanzo ni zile zilizouzwa kwa watu wa kawaida kati ya mwaka 1990 na mwaka 2003 hivi, kabla simu zenye kamera hazijaenea. Picha zake ni ndogo, betri zake huisha upesi, na nyingi hutumia kadi au kebo ambazo hazitengenezwi tena. Hata hivyo, ni vigumu kupata chombo kinachoonyesha waziwazi zaidi jinsi mwanga unavyogeuzwa kuwa namba. Simu ya leo hupiga picha kadhaa kwa mkupuo, huziunganisha na kuzirekebisha kabla mwenyewe hajaona chochote. Kamera ya mwaka 1997 hupiga picha moja tu, na kila udhaifu wa lenzi, wa kihisi na wa programu yake hubaki palepale ukionekana.

Kuna kanuni moja inayotangulia nyingine zote katika burudani hii: kamera huchaguliwa kuanzia mwisho, yaani kuanzia pale picha inapotokea. Betri, kadi, kebo na programu ni mnyororo mmoja, na pete moja ikikatika picha haifiki kwenye kompyuta. Kamera inayowaka vizuri lakini haina njia ya kutoa picha zake ni pambo la kabatini.

Kamera zilizofungua njia

Kihisi cha CCD, ambacho ndicho moyo wa kamera hizi, kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell nchini Marekani, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya majaribio yenye uzito wa kilo 3.6 hivi. Ilitoa picha ya pikseli 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuirekodi kwenye kaseti. Kamera hiyo haikuuzwa. Sony ilionyesha kamera yake ya Mavica mwaka 1981, lakini hiyo ilirekodi mawimbi ya video kwenye kidiski cha sumaku na haikuwa ya dijitali. Mnunuzi anapaswa kulijua hilo, kwa sababu jina la Mavica lilitumika tena baadaye kwa kamera za dijitali kamili.

Dycam Model 1 iliingia sokoni Marekani mwaka 1990, na ikauzwa pia kwa jina la Logitech FotoMan. Ilipiga picha za weusi na weupe za pikseli 376 kwa 240 na kuzihifadhi 32 katika kumbukumbu ya ndani. Betri ikiisha, picha zote zilipotea. Mwaka 1994 Apple ilitoa QuickTake 100, iliyotengenezwa na Kodak na kuuzwa kwa dola 749. Ilihifadhi picha 8 za pikseli 640 kwa 480, au 32 za nusu ya vipimo hivyo, na haikuwa na skrini ya kuzitazama. Mwaka uliofuata Casio ilileta QV-10 kwa yeni 65,000, ikiwa na skrini ya inchi 1.8 mgongoni na lenzi inayozunguka. Picha zake zilikuwa za pikseli 320 kwa 240 tu, lakini mpiga picha aliweza kuiona picha papo hapo na kuifuta asipoipenda. Tabia hiyo ndiyo iliyobaki hadi leo.

Mwaka 1997 Sony ilitoa Mavica MVC-FD5 na MVC-FD7, zinazorekodi picha kwenye disketi ya kawaida ya inchi 3.5. Mwaka huohuo Kodak DC210 ilifikisha pikseli milioni moja mikononi mwa wanunuzi wa kawaida. Nikon Coolpix 950 ya mwaka 1999, ambayo mwili wake hujipinda katikati, ilifika megapikseli 2.1, na Canon ikafuata mwaka 2000 na Digital Ixus ya kiasi hichohicho cha pikseli, ndogo ya kutosha kuingia mfuko wa shati. Kutoka hapo mashindano ya megapikseli yalishika kasi.

Jinsi picha inavyoundwa

Majaribio yote yanayoelezwa mbele yanategemea kuelewa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kukusanya mwanga. Kila pikseli ya CCD ni kishimo kidogo kinachojaa chaji ya umeme kwa kadiri mwanga unavyoingia. Muda wa kupiga ukiisha, chaji hizo husogezwa safu kwa safu hadi ukingoni mwa kihisi, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Huko ukingoni hupimwa moja baada ya nyingine na kugeuzwa kuwa namba. Kwa kuwa chaji hupita katika njia moja, kishimo kilichofurika huweza kuchafua safu nzima.

Hatua ya pili ni rangi. Kihisi chenyewe hakijui rangi, kinajua wingi wa mwanga tu. Kamera nyingi huvika pikseli vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ambapo nusu ya pikseli zote ni za kijani. Kila pikseli hupima rangi moja, na mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani zake. Pale ukisio unapokosea, rangi ambazo hazikuwepo huzuka.

Hatua ya tatu ni kubana faili. Kumbukumbu ilikuwa ghali, hivyo kamera nyingi zilitumia JPEG, mfumo uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo madogo ndani ya kila mraba. Ubanaji ukizidi, miraba yenyewe huonekana.

Inasemwa mara nyingi kwamba CCD ina rangi tamu kuliko kihisi cha CMOS cha leo. Ukweli ni kwamba rangi ya kamera hizi hutokana na vichujio, lenzi, flashi na maamuzi ya programu ya kiwandani. Kamera mbili zenye CCD zinaweza kutofautiana sana, na hilo peke yake ni jambo la kujaribu.

Kuchagua na kukagua kabla ya kununua

Kwa anayeanza, kamera bora ni ya miaka ya 1999 hadi 2003 yenye sifa tatu: hutumia betri za AA, zile za saa ya ukutani, hutumia kadi ya CompactFlash au SD, na huhifadhi picha kama JPEG. Hiyo haihitaji chaja maalumu wala programu ya zamani. Kamera ya disketi huja daraja la pili kwa urahisi. Zile za kumbukumbu ya ndani na kebo ya siriali, kama QuickTake na QV-10, ni za mtu aliyekwisha kuzoea na ana subira.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 vijana wa nchi nyingi wamezirudia kamera hizi, na bei ya baadhi imepanda kwa sababu ya jina tu. Kamera isiyo na sifa mtandaoni mara nyingi hufanya kazi ileile. Kabla ya kugusa mfuko, ni busara kuuliza ndugu na jamaa, kwa maana nyingi zimelala kwenye droo za nyumba.

Anayenunua sokoni, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, anapaswa kwenda na betri zake zilizochajiwa, pamoja na kadi ndogo ya CompactFlash na nyingine ya SD. Ukaguzi hufuata mpangilio huu:

1. Kifuniko cha betri hufunguliwa kwanza. Unga mweupe au wa kijani kwenye vibati ni alama ya betri iliyovuja. Kidogo husafishika, ukiwa umetambaa hadi ndani ya mashine, kamera iachwe.
2. Lenzi hutazamwa kwa tochi, mwanga ukipita upande. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu, na kwenye lenzi ndogo za aina hii ni vigumu kuifikia.
3. Kamera huwashwa, na lenzi husogezwa mbele na nyuma mara kadhaa. Mlio wa kukwaruza au lenzi kukwama katikati ni dalili ya mchanga au meno yaliyovunjika.
4. Picha moja hupigwa kwenye ukuta mweupe na nyingine lenzi ikiwa imezibwa. Ya kwanza huonyesha madoa, ya pili huonyesha pikseli zilizokufa au zinazowaka daima.
5. Kadi hutolewa na kurudishwa, kisha picha zilizopigwa huangaliwa tena. Vijino vya ndani vya CompactFlash hupinda kwa urahisi, na kimoja kikipinda kadi haisomeki.

Picha inayotoka na mistari, rangi za zambarau zisizo na sababu, umbo lililovurugika au weusi mtupu huashiria kihisi kilichokufa. Mwaka 2005 kampuni kadhaa za Japani zilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vya CCD vya miaka ya mwanzoni mwa 2000 huharibika hivyo katika joto na unyevunyevu. Kwa kamera iliyoishi Mombasa, Zanzibar au Muscat, jambo hilo lisipuuzwe.

Umeme

Kamera hizi zina njaa ya umeme. Betri za AA za kawaida huweza kuisha baada ya picha chache, hasa skrini na flashi zikitumika. Zinazofaa ni za kuchaji za NiMH zisizopoteza chaji haraka zikiwa zimewekwa. Volti yake ni 1.2, pungufu ya 1.5 za kawaida, lakini huhimili mzigo mkubwa kwa muda mrefu zaidi. Betri nne za seti moja hutumika pamoja na kuchajiwa pamoja; kuchanganya mpya na kuukuu hudhoofisha zote.

Vibati vyenye unga wa betri ya alkalini husafishwa kwa pamba ya masikio iliyochovywa kidogo katika siki au maji ya limau, kwa sababu asidi hubatilisha alkali iliyovuja. Baada ya hapo hupanguswa kwa spiriti na kuachwa vikauke kabisa kabla ya kuweka betri.

Kamera nyingi zina betri ndogo ya saa ndani. Ikifa, tarehe hurudi mwanzo kila betri kubwa zinapotolewa. Picha haziathiriki, ila tarehe zake huwa za uongo.

Kuna hatari moja ya kutochezewa. Kapasita ya flashi hubeba takriban volti 300 na huweza kushika umeme muda mrefu baada ya betri kutolewa. Asiyekuwa fundi wa elektroniki asifungue kamera yenye flashi kwa bisibisi.

Kadi, disketi na kebo

CompactFlash ilitolewa na SanDisk mwaka 1994 na ingali ikipatikana. Kamera za zamani hazielewi kadi kubwa, kwa hiyo kadi ya megabaiti 128 hadi 512 ni salama, na 2 GB ni ukomo kwa nyingi. SD nayo ina mpaka ulio wazi: kamera iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006 haisomi SDHC, yaani kadi za SD za ujazo mkubwa, hivyo hutakiwa kadi ya 2 GB au chini. MicroSD ndogo ya kiwango hicho ndani ya kishikizo chake mara nyingi hukubalika.

SmartMedia, iliyotumiwa sana na Olympus na Fujifilm, ni kadi nyembamba yenye ukomo wa megabaiti 128. Ipo ya volti 5 na ya volti 3.3, na zote mbili hutambulikana kwa kona iliyokatwa, ya kwanza kushoto na ya pili kulia. Kadi hii hufomatiwa ndani ya kamera tu. Ikifomatiwa kwenye kompyuta, kamera huweza kuikataa moja kwa moja. Kisoma kadi cha zamani chenye matundu mengi ni mali ya kushikiliwa, kwa sababu vipya havina nafasi ya SmartMedia. Memory Stick ya awali ya Sony nayo huishia megabaiti 128, na kadi za Memory Stick Pro zilizofuata mwaka 2003 hazisomeki katika kamera zilizotangulia.

Mavica ya disketi inastahili maelezo ya pekee. Disketi ya megabaiti 1.44 hubeba picha 15 hadi 20 hivi za ubora wa juu. Kitufe kikibonyezwa, mota huanza kuvuma, kichwa cha kuandikia husikika kikisogea hatua kwa hatua, na picha inayofuata husubiri sekunde kadhaa hadi kazi iishe. Kamera isitikiswe wakati huo. Disketi hufomatiwa kabla ya matumizi, na inayotoa kosa mara moja hutupwa. Sony iliacha kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011, hivyo zilizopo ni akiba ya zamani. Kiendeshi cha disketi cha USB husoma picha hizo kwenye kompyuta ya leo bila programu yoyote ya ziada.

Kamera za kebo ya siriali huhitaji kiunganishi cha kuigeuza siriali kuwa USB, pamoja na programu inayojua lugha ya kamera husika. Kwa watumiaji wa Linux, programu huria ya gphoto2 bado inazungumza na kamera nyingi za Casio, Kodak, Olympus na Nikon za miaka ya 1990. Faili za QuickTake 100 na 150 si JPEG, lakini dcraw, programu iliyoandikwa na Dave Coffin, huzifungua. Njia nyingine ni kutunza laptopu ya zamani yenye Windows XP kwa kazi hiyo peke yake.

Kadi iliyonunuliwa mtumba huweza kuwa na picha za mwenyewe wa kwanza. Heshima inadai zisisambazwe. Na iwapo ni picha za familia ya mpiga picha mwenyewe zilizofutika kwa bahati mbaya, programu ya PhotoRec huweza kuzirudisha, mradi kadi haijaandikwa juu yake.

Majaribio

Kila jaribio hubadilisha jambo moja tu. Mengine yote hubaki vilevile. Stendi ya miguu mitatu, au hata mfuko wa mchanga juu ya kiti, huzuia kamera kusogea. Matokeo huandikwa kwenye daftari: kamera, ubora uliochaguliwa, mwanga, saa na kilichobadilishwa.

*Miraba ya JPEG.* Kitu kimoja chenye maandishi, kama ukurasa wa gazeti, hupigwa kwa kila kiwango cha ubora ambacho kamera inacho. Picha zikikuzwa mara 8 kwenye kompyuta, miraba ya pikseli 8 kwa 8 hujitokeza, na ukungu wa vitone huonekana ukizunguka kingo za herufi. Kutoka hapo mpiga picha huamua kwa ushahidi kiwango cha chini anachoweza kukubali.

*Rangi za uongo.* Kikoi chenye mistari myembamba hutundikwa ukutani na kupigwa kutoka mita 1, 2, 3, hadi 6. Kuna umbali ambapo mistari inalingana na upana wa pikseli, na hapo mawimbi ya waridi na kijani huzuka juu ya kitambaa ambacho hakina rangi hizo. Huo ndio ukisio wa Bayer ukishindwa. Kusogea nusu hatua mbele au nyuma huyaondoa, na ni ujuzi unaofaa kwa yeyote anayepiga picha za nguo.

*Mstari wa mwanga.* Usiku, taa ya barabarani au balbu iliyo wazi huwekwa katikati ya skrini. Kwenye CCD nyingi mstari mweupe au wa zambarau hushuka na kupanda kutoka kwenye taa, kwa sababu chaji za safu nyingine huchafuliwa zikipita hapo. Baadhi ya kamera zina shata halisi inayofunga mwanga wakati chaji zinasogezwa. Kwenye hizo mstari huonekana kwenye skrini lakini haumo kwenye picha. Jaribio hili hutambua aina ya shata bila kufungua kamera. Jua lisitumike badala ya taa, kwani kulitazama kupitia kidirisha cha kulengea hudhuru jicho.

*Giza na joto.* Kwa kamera inayoruhusu kupiga kwa sekunde kadhaa, lenzi huzibwa na picha ya giza hupigwa asubuhi kukiwa na ubaridi, kisha nyingine mchana wa joto. Vitone vyeupe na vya rangi huongezeka katika ya pili. Chaji inayozalishwa na joto lenyewe ndani ya CCD huongezeka takriban mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Maarifa haya hutumika hivi: baada ya kupiga mandhari ya usiku, picha ya giza ya muda uleule hupigwa papo hapo, na katika programu huria ya GIMP ile ya pili hutolewa kutoka ya kwanza. Vitone vingi huondoka.

*Infraredi.* CCD huona miale ya infraredi ambayo jicho halioni, na kamera huwekewa kichujio cha kuizuia. Katika kamera nyingi za mwanzo kichujio hicho ni dhaifu, na Coolpix 950 inasifika kwa hilo. Kipimo ni rahisi: rimoti ya televisheni huelekezwa kwenye lenzi na kitufe kubonyezwa. Nuru angavu ikionekana kwenye skrini, kamera inafaa.

Kinachohitajika baada ya hapo ni kichujio cha kuzuia mwanga wa kawaida, kama Hoya R72, kinachopitisha miale kuanzia nanomita 720 hivi. Asiye nacho anaweza kutumia ile ncha nyeusi ya filamu ya rangi iliyosafishwa studio, iliyopigwa na mwanga wakati filamu ilipopachikwa. Vipande viwili vikiwekwa kimoja juu ya kingine mbele ya lenzi, karibu mwanga wote wa kawaida huzuiwa na infraredi hupita. Kamera huwekwa kwenye stendi, flashi huzimwa, na picha hupigwa jua likiwa kali. Mwembe unaoonekana wa kijani kibichi hutoka mweupe, kwa sababu seli za ndani ya jani bichi hurudisha infraredi kwa wingi. Anga la bluu huwa jeusi na mawingu hujitenga. Kupiga tawi lililochumwa kwa siku kadhaa huonyesha kama weupe huo hubadilika linapokauka.

*Rangi tatu kutoka kwa weusi na weupe.* James Clerk Maxwell alionyesha mwaka 1861 kwamba picha tatu zilizopigwa kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bluu huweza kuunganishwa kuwa moja ya rangi, na Sergei Prokudin-Gorsky alitumia njia hiyo kuipiga picha Urusi mwanzoni mwa karne ya 20. Kamera yoyote yenye chaguo la weusi na weupe hufaa, hata Game Boy Camera ya mwaka 1998 yenye pikseli 128 kwa 112 na ngazi nne tu za kijivu. Karatasi za plastiki za rangi hizo tatu huwekwa mbele ya lenzi kwa zamu, kamera ikiwa haisogei kabisa. Katika GIMP kila picha hupewa chaneli yake. Kilichotulia hupata rangi yake, na kilichosogea, kama wimbi la bahari au wingu, hugawanyika katika rangi kali. Ufukwe wenye mashua zilizofungwa na maji yanayocheza hulipa sana katika jaribio hili.

*Kupitia darubini.* Lenzi ndogo ya kamera hizi hukaa vizuri kwenye kioo cha kutazamia cha darubini. Laurence Poh, mtazama ndege wa Malaysia, aliifanya njia hiyo ijulikane mwaka 1999 kwa kutumia Coolpix 950. Zumu ya kamera husogezwa mbele hadi duara jeusi la pembeni litoweke, na picha hupigwa kwa kutumia kihesabu muda ili kidole kisitikise.

Kukuza na kuchapa

Kwa kiwango cha pikseli 300 kwa inchi, picha ya 640 kwa 480 hutoa karatasi ya sentimita 5.4 kwa 4.1 tu, na ya 1600 kwa 1200 hutoa sentimita 13.5 kwa 10.2. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 2 hutosha kabisa kwa picha ya kawaida ya albamu. Iliyo ndogo zaidi hukuzwa kwa namba kamili, mara 3 au mara 4, bila kulainisha, ili kila pikseli ibaki mraba safi. Picha ya 640 kwa 480 ikikuzwa mara 4 hufikia 2560 kwa 1920, na studio yoyote ya picha huichapa bila tatizo. Ikilainishwa, hupata utelezi usio na maelezo mapya.

Marekebisho hufanywa kwenye nakala. JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya, hivyo nakala ya kazi huhifadhiwa kama PNG au TIFF na faili la asili haliguswi.

Kutunza kamera na picha

Adui wakubwa ni unyevunyevu na betri zilizosahaulika. Kamera isiyotumika kwa wiki kadhaa hutolewa betri. Huwekwa katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika, ambavyo huweza kukaushwa tena kwa moto mdogo vinapolowa. Mfuko wa ngozi ulioletwa na kamera usitumike kwa hifadhi ya muda mrefu pwani, kwa sababu hushika unyevu na kulea kuvu. Mara moja kwa mwezi kamera huwashwa, lenzi husogezwa, na flashi hupigwa mara chache ili kapasita isidhoofike. Mpira wa mshikio ulioanza kunata hupanguswa kwa spiriti.

Kadi na disketi ni vibebeo vya muda tu. Picha huhamishwa siku ileile, na nakala mbili huwekwa sehemu mbili tofauti. Kwa kuwa kamera nyingi huanza kuhesabu upya kila kadi inapofutwa, faili mbili huweza kuwa na jina moja. Kila kundi huwekwa kwenye folda yenye tarehe na jina la kamera. Tarehe iliyokosewa na saa ya ndani husahihishwa kwa programu ya ExifTool kwa kufuata daftari la majaribio. Daftari hilo hunakiliwa na kuwekwa pamoja na picha, ili mtu mwingine mwenye kamera ya aina hiyo aweze kurudia jaribio lilelile na kulinganisha majibu.